Wanataka nimrudishe baba mkubwa kijijini, na mimi najua wanachomtakia

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naendesha tuktuk hapa Malindi mjini. Nimeoa, nina watoto wawili. Kwetu ni ndani ya Ganda, ukiishika njia ya Kakoneni. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, na huyu ninayekuandikia habari zake yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa.

Mwezi wa tano tulimzika kaka yangu. Alikuwa mgema. Alianza kupanda minazi akiwa na miaka 15, na mpaka anakufa alikuwa na minazi tisa ya kugema asubuhi na jioni. Siku hiyo mvua ilinyesha usiku kucha, ikaanuka alfajiri. Akapanda ule mnazi ulio nyuma ya jiko la mama, mnazi aliokwisha kuupanda mara elfu. Mama alisikia kishindo, akadhani ni nazi imeanguka. Alipotoka alimkuta kaka amelala chali, kotama bado iko kiunoni, kibuyu kimepasuka na tembo limeenea mchangani. Alikata roho njiani tukimpeleka hospitali. Daktari alisema ni shingo.

Siku ya tatu ya hanga, yaani matanga, maneno yakaanza. Siku mbili kabla ya kifo, kaka alitofautiana na baba mkubwa. Mzee alimkuta amekwisha kunywa asubuhi na anataka kupanda, akamwambia mbele za watu: "Endelea tu. Mnazi hauna udugu." Mama, maneno hayo hata mimi niliyasikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimekwenda kuwasalimu.

Wana wa baba mdogo wakaenda kwa mganga ng'ambo ya Sabaki. Wakarudi na habari kwamba ramli imemtaja mzee mwenye mvi, wa boma lile lile, mwenye kauli nzito. Katika boma letu mwenye mvi ni mmoja. Ana miaka 74. Baba yangu alipokufa ni yeye aliyenilea, na aliuza mbuzi wawili nikamaliza darasa la nane.

Baada ya hapo mawe yakawa yanatupwa juu ya bati lake usiku. Halafu asubuhi moja akakuta panga limechomekwa kwenye fremu ya mlango. Hakungoja. Siku ya pili saa kumi za alfajiri alishika njia kwa miguu hadi barabarani, akafika kwangu na kikapu kimoja: mashati mawili, kikoi, na redio yake. Ni wiki ya tatu sasa.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku ya pili alipofika aliniomba nimnunulie piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Nilidhani anatania. Nilipomletea alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akanipa mswaki wa zamani, akasema, "Nipake, mwanangu, mimi sioni kwa nyuma." Nikampaka. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Ile rangi ikawa inamtiririka shingoni, naye ametulia kama mtoto anayenyolewa. Alipojitazama kwenye kioo cha tuktuk hakusema neno.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp la familia wameandika kwamba Jumamosi kuna kikao, kila mmoja atoe elfu kumi na tano. Mimi nimepewa kazi ya kumleta. Nimwambie kuna makaratasi ya shamba ya kutia sahihi. Wanasema watampeleka akale kiraho cha papai, kile kiapo cha kumpima anayeshukiwa, akiwa msafi itajulikana. Lakini binamu yangu mmoja alinitumia ujumbe wa sauti peke yangu, akasema: "Ukimfikisha, wewe usilale hapa."

Shamba lenyewe ni ekari kumi na mbili, hati bado ina jina la babu. Kabla ya msiba alikuja dalali na mnunuzi, baba mkubwa akakataa kutia kidole. Lakini hilo ni jambo jingine.

Mama, linalonitesa ni kwamba moyo wangu nusu unaamini. Kaka hakuwahi kuteleza. Mbona siku ile, tena baada ya maneno yale? Juzi mwanangu mdogo alipata homa, nikajikuta namwangalia mzee kwa jicho baya. Aliona. Alichukua kigoda chake akaenda kukaa nje mpaka usiku. Na mama yangu mzazi ananiambia nimechagua mchawi nikaiacha damu yangu.

Nifanye nini?

Niliye njia panda, Malindi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka yako, na umfikishie mama pole zangu. Mama aliyesikia kishindo akadhani ni nazi, huyo atakuwa anakisikia kila usiku. Ukimkasirikia kwa maneno aliyokwambia, kumbuka hilo kwanza.

Barua yako ilinifikia Jumatano na usiku ule ule tukasema kwa simu. Kwa hiyo ya haraka unayajua: mzee hatoki kwako, wewe hutoi hata shilingi moja, na ule ujumbe wa sauti haufutwi. Umeniruhusu niichape barua yako baada ya kubadilisha mambo ya kuwatambulisha, nami naichapa kwa sababu najua kuna vijana wengine kati ya hapa na Marafa, Magarini na Ganze ambao wiki hii wameombwa mchango kama huo na hawana wa kumuuliza.

Sikuombi uamue kama uchawi upo au haupo. Mimi nimezaliwa pwani hii. Nimefungwa hirizi nikiwa mchanga, na nimelelewa na watu waliokuwa wakishusha sauti wakilitamka neno utsai, yaani uchawi. Siwezi kuja hapa leo nikajifanya sijui khofu hiyo inavyokaa mwilini. Ninachokuomba ni kitu kingine: swali lako la "mbona siku ile" usikubali lijibiwe kwa jina la mtu.

Swali lenyewe si la kijinga, na wala si letu peke yetu. Mtafiti mmoja wa Kiingereza, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande kusini mwa Sudan miaka ya 1920 ikielekea ukingoni. Maghala yao ya nafaka husimama juu ya nguzo, na mchana wa jua kali watu hujikalia chini yake kupata kivuli na kupiga soga. Mchwa hula nguzo. Ghala huanguka, na siku nyingine huwaangukia waliokaa. Wazande habari ya mchwa waliijua vizuri sana. Walilouliza ni kwa nini ghala lichague saa ile ile, fulani na fulani wakiwa chini. Mchwa hawana jibu la swali hilo, na Wazande wakalijibu kwa uchawi.

Ndivyo ulivyouliza wewe. Sasa rudi kwenye mnazi wenu. Mvua usiku mzima. Shina lenye ukungu wa kijani ule upande usiopigwa na jua. Zile hatua zilizochongwa kwenye shina, ambazo za zamani huoza kingo zikabaki na umbo tu, unaweka kisigino na kinateleza. Na mpandaji ambaye, kwa kauli yako mwenyewe, alikuwa ameanza kunywa kabla ya kupanda. Unasema hakuwahi kuteleza. Mwanangu, kila mgema aliyeanguka hakuwahi kuanguka kabla ya hapo. Angekuwa amewahi, asingekuwa anapanda. Ukiyaweka yote hayo pamoja bado utauliza mbona asubuhi ile na si ya jana yake. Uliza. Mimi sina jibu la kukupa, na huyo wa ng'ambo ya Sabaki naye hana. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana jina la kuuza.

Na tulitazame hilo jina lenyewe. Mzee, mwenye mvi, wa boma hilo hilo, mwenye kauli nzito. Nionyeshe boma moja tu la Mgiriama lisilo na mzee wa namna hiyo. Ramli haikumtaja baba yako mkubwa. Waliokwenda kuulizia ndio waliokuwa wanamfikiria tangu wanapanda boda, na sina shaka walishaeleza ugomvi wote kabla mganga hajatandika mkeka.

Ule usemi wake nao, umeusikia vibaya, mwanangu. Mzee aliyekuwa hai miaka 74 katikati ya minazi, ambaye amekwisha kuzika wagema sijui wangapi, anamwona kijana wake amelewa asubuhi na anataka kupanda. Anamwambia mnazi hauna udugu. Maana yake ni kwamba mnazi hautakujali kwa sababu umeuzoea. Hilo ni onyo la baba. Angenyamaza, leo wangesema alijua na akanyamaza. Nakuomba uyarudie maneno yale kichwani mwako kwa sauti yake yeye, kama ulivyoyasikia siku ile kabla ya msiba. Siku ile hukuyasikia kama laana. Laana imeingia baadaye, kwenye hanga.

Nimekwambia swali si letu peke yetu, na jibu baya nalo si letu peke yetu. Usukumani, Tanzania, vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini jikoni, kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kisii, mwezi wa tano mwaka 2008, watu 11 walichomwa moto kwa usiku mmoja, wengi wao wanawake wazee. Na mwaka 2021, Marani huko huko Kisii, ajuza wanne. Kaskazini mwa Ghana kuna vijiji kama Gambaga wanakoishi wanawake waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizi, na Julai 2020, huko Kafaba, bibi wa miaka 90 alipigwa hadharani mpaka akafa, watu wakitazama na kupiga picha. Hapa Kilifi alama ni mvi. Ndiyo maana ukampaka piko mzee wako. Nimeisoma sehemu ile nikaweka barua chini. Mvi ambazo sisi tuliambiwa tuziinamie, leo mzee anazificha kama mwizi anavyoficha mali.

Wako wanaodhani haya ni mambo ya Waafrika. Si kweli, na inanichoma nikiwasikia vijana wetu wenyewe wakisema hivyo. Ulaya, kati ya mwaka 1450 na 1750, wanaokadiriwa kuuawa kwa kuitwa wachawi ni kati ya 40,000 na 60,000, tena wengi kwa hukumu za mahakama, kwa muhuri na karani. Salem, huko Marekani, mwaka 1692, wasichana walianza kupata kifafa cha ghafla na kupiga kelele. Wakataja majina. Ushahidi uliokubaliwa ni kwamba kivuli cha mtu fulani kimewatokea na kuwaumiza, hata kama mwenyewe wakati huo alikuwa kitandani kwake mbele ya mashahidi. Watu 19 wakanyongwa. Miaka mitano baadaye mmoja wa majaji wale, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya waumini wakati toba yake ikisomwa kwa sauti. Baadhi ya waliotajwa Salem walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na majirani zao, wa mipaka na urithi.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye sentensi yako moja ambayo nimeipigia mstari mara mbili. Umesema: "Lakini hilo ni jambo jingine."

Si jambo jingine, mwanangu. Ndilo. Ekari kumi na mbili, hati ya babu, dalali mlangoni, na mzee mmoja anayekataa kutia kidole. Halafu msiba unatokea, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mzee huyo huyo ndiye mchawi. Na hila waliyokupa ya kumvutia ni ipi? Makaratasi ya shamba. Hawakuhangaika kutafuta uongo wa mbali. Sisemi binamu zako wote wameketi wakapanga. Wengine wana uchungu wa kweli na wameshikwa na hofu. Lakini uchungu wa wengi hupandwa na tamaa ya wachache, na atakayetia kidole baada ya mzee kuondoka ndiye wa kumwangalia. Mauaji ya wazee Kilifi hii, wakuu wa serikali na wazee wa kaya wenyewe, walinzi wa mila zetu, wamesema mara nyingi hadharani kwamba mzizi wake ni ardhi.

Lichukue hili uwapelekee, pengine litafanya kazi kuliko machozi. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema aliyemuua mtu harithi mali ya yule aliyemuua. Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya mwaka 1925, enzi za mkoloni, wengi wanadhani inawahusu wachawi tu. Inamhusu pia anayemwita mwenzake mchawi bila kupeleka habari hiyo kwa chifu, polisi au mkuu anayestahili. Na katika makosa ya jinai, aliyechanga, aliyeshawishi na aliyembeba mtu kumpeleka anahesabika pamoja na aliyeshika panga. Elfu kumi na tano zako kwa M-Pesa zina jina lako na saa. Tuktuk yako ina namba. Kundi la WhatsApp lina maandishi ya kila mtu. Wakumbushe hilo, kwa upole, na uone ni wangapi watajitoa kundini kabla ya magharibi.

Kuhusu kiraho: najua ni kitu cha wazee wetu, na zamani kilikuwa na taratibu zake. Lakini mtu anakula kiraho kwa hiari yake mbele ya wazee wanaoheshimika, si kwa kudanganywa, akizungukwa na vijana ambao mmoja wao amekwisha kukwambia usilale pale. Papai likimpitia salama watasema ana dawa kali zaidi. Hakuna mlango wa kutokea kwenye chumba hicho. Wazee wengine watakwambia mganga Kajiwe aliwamaliza wachawi. Kweli Kajiwe alipita vijijini miaka ya 1960, akifichua na kutoa dawa, na watu wakashangilia. Lakini wagema waliendelea kuanguka, na watoto waliendelea kupata degedege.

Kwenye degedege nina langu la kukwambia, na sijawahi kuliandika.

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, jirani yetu alikuwa na mtoto aliyekuwa akianguka na kutoa povu. Wakasema ni nyuni, wale ndege wa pepo wanaodaiwa kuwaangusha watoto, kisha wakasema nyuni hawa wametumwa. Akatajwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza mahamri mwisho wa njia yetu. Hakuna aliyemgusa. Hatukumtupia hata jiwe. Tuliacha tu kununua mahamri, na tukaacha kumwamkia. Mama yangu alituambia tupite upande wa pili. Kwa miaka minne nilipita mbele ya mlango ule kila asubuhi nikienda shule, na kila asubuhi alikuwa amekaa pale, akinitazama, akingoja shikamoo. Sikumpa. Mtoto yule baadaye alipelekwa hospitali, wakasema ni kifafa, akapewa vidonge na kuanguka kukapungua. Leo ni mtu mzima ana wajukuu. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Alikutwa siku ya pili, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpitia. Nimejibu barua za watu miaka mingi, na kila nikipata inayofanana na yako huwa nauona ule mlango.

Tuje kwenye la kufanya. Kabla ya Jumamosi nenda kwa chifu wa huko kwenu ukiwa na mtu mwingine mzima, si peke yako, na umsikilizishe ule ujumbe wa sauti. Kisha pitia kituo cha polisi hapa Malindi, uandikishe kwenye kitabu cha matukio, kile wanachokiita OB, upewe namba yake na uitunze. Usiogope kuitwa msaliti. Binamu aliyekutumia ujumbe ule naye anaogopa, na huenda alikutumia ili wewe ufanye hivyo. Usimtaje kwenye kundi. Mkihisi mjini nako hamko salama, kule Kaya Godoma, Ganze, kuna makao ya wazee waliokimbia tuhuma hizi, na watu wa Chama cha Utamaduni cha Malindi wanajua njia. Lakini nisikufiche: wazee hunyauka wakiwa mbali na watoto wao. Maadamu kwako kuna chumba, kwako ni bora.

Suala la shamba msiliache lining'inie, maana likining'inia ndilo linalowaua. Hati ikiwa bado ya marehemu babu, hakuna wa kuuza, si mzee wala wao, mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani. Chifu huandika barua ya kuwataja warithi wote. Wote, pamoja na dada zenu, na mjane wa kaka yako na watoto wake. Barua yako nzima haikuwataja hata mara moja, nami nakuuliza wako wapi na nani anawalisha. Mahakama za Malindi ziko hapo hapo mjini. Siku kila mtu atakapokuwa na kipande chake kwa jina lake, kifo cha mzee hakitakuwa na faida kwa yeyote.

Kwenye kikao usiende Jumamosi. Omba kiahirishwe, kifanyike mjini, mchana, kwenye ofisi ya chifu au mbele ya mchungaji wenu au imamu, yeyote anayeheshimiwa na pande zote. Na kabla ya kikao chochote, nenda kwa mama yako peke yako. Usiende kumsahihisha. Kaa naye jikoni, pale panapouona mnazi ule, umwache aseme. Mama anahitaji mtu wa kumkasirikia, na aliyepewa ni mzee. Ukimaliza kumsikiliza, muulize jambo moja: siku ile alipotoka nje, ni nani aliyekuwa wa kwanza kufika kumsaidia kumbeba kaka. Uliponiambia kwenye simu jibu la swali hilo ulinyamaza kwa muda mrefu, nami sikukusemesha. Yeye naye mwache anyamaze.

Mke wako ana haki ya kuogopa, usimcheke wala usimkaripie. Mtoto akipata homa mpeleke akapimwe siku ile ile, na yeye mama aone majibu kwa macho yake. Umeniambia ile homa ya juzi kipimo kilionyesha malaria, na dawa imemshusha. Vizuri.

Limebaki la yule aliyekuona ulivyomtazama. Usiku wa leo ukizima tuktuk, kabla ya kuingia ndani kula, pitia pale alipoweka kigoda chake. Mwamkie. Mwambie kipimo kilikuwa malaria, na kwamba mtoto ameamka anacheza. Kisha umwombe aingie ndani mle pamoja.